Wageni wa Nyumba ya Isevya

Juzi nilipita mtaa wa Isevya nikakuta nyumba ya babu inabomolewa. Mbele ilikuwa ya Kiarabu, yenye baraza na mlango wa nakshi. Nyuma ilikuwa tembe la Kinyamwezi, lenye paa bapa la udongo, alilotaka bibi.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, babu akiwa ameshafariki, nilimkuta bibi akikandika ukuta wa tembe. Udongo mbichi ulinukia kama mvua ya kwanza.

"Bibi, kuna wageni wanakuja?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Wageni."

Nilifurahi, nikamchotea maji. Sikujua kwamba serikali imeitaifisha nyumba, na kesho yake tunahama kuwapisha wageni hao.

Tulipanga chumba mtaa wa Gongoni. Kila siku nilimuuliza bibi tutarudi lini kwetu. Alifariki tukiwa bado katika chumba hicho.