Vumbi la Mwaka Mpya

Wifi amenyunyiza maji sakafuni ili afagie, na harufu ya vumbi lililolowa imenirudisha kwenye kambi ya wajenzi wa barabara hapa Mbinga, ambako mama aliipikia familia ya Kichina. Asubuhi ya mwaka mpya wao, karatasi nyekundu zikiwa mlangoni, nilijitia adabu nikafagia sebule yote kabla hawajaamka.

Mama wa Kichina alipoona ufagio alishika kichwa. “Leo hapana fagia! Bahati natoka!”

Nikajua kazi ya mama imeota mbawa. Lakini mama alilizoa vumbi kwa viganja, akalirudisha ndani, akalimwaga nyuma ya mlango.

“Imerudi, mama,” akamwambia bosi wake.

Yule mwanamke akacheka hadi machozi.

Jana tulimaliza matanga.

“Wifi,” nasema, “chumba cha mama kiache kwanza.”