Siku Niliyomlaza Mama Mkwe Juu ya Ziwa

Nimekaa na hii aibu tangu Februari, na kama si kwamba nusu ya Waafrika Mashariki wa Stockholm wameshaiona kwenye simu zao ningekaa nayo mpaka kaburini, lakini kwa kuwa mnanicheka bila kuijua vizuri, heri niwasimulie mwenyewe.

Mama mkwe wangu alikuwa anatoka Bungoma kwenda Kanada, ambako mke wa mwanawe alikuwa karibu kujifungua, na mke wangu Nekesa (alikuwa hajamwona mamake miaka minne) alihangaika na tiketi na viza mpaka akampatia safari ya kubadilisha ndege hapa kwenye uwanja wa Arlanda, atue saa moja asubuhi, aondoke saa kumi na moja jioni. Nekesa anafanya kazi nyumba ya wazee na siku hiyo alikosa wa kumshikia zamu, angetoka saa sita mchana, kwa hiyo mimi nilipewa kazi moja tu, nayo aliirudia mara tatu akifunga viatu: "Mtoe uwanja wa ndege, mlete nyumbani, alale. Nikifika tutakula pamoja. Usimzungushe."

Nikamtoa. Ndani ya gari alikaa kiti cha nyuma (kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono, sembuse kukaa bega kwa bega), tukaongea habari za mahindi na mvua, na tulipokaribia Jakobsberg tunakoishi, mahindi yameisha, mvua imeisha, na ndio kwanza saa tatu. Nikawaza, tutakaa sebuleni mimi na huyu mama tukitazamana saa tatu nzima, tukiambiana nini? Nikakata kona kuelekea ziwani. Hiyo tu. Kona moja.

Ziwa lilikuwa limeganda, jeupe mpaka ng'ambo, na kwa mbali watu wanateleza.

"Mkwe," akaniuliza, "wale wamesimama juu ya nini?"

"Juu ya maji, Mama. Yameganda."

"Na wewe huwa unasimama hapo?"

Ningesema ukweli (miaka sita Sweden sijawahi kukanyaga barafu ya ziwa, mimi hata bwawa la kuogelea naliogopa) mngekuwa mnasikiliza hadithi ya mtu mwingine. Nikasema, "Mimi? Kila wikendi!"

Basi tukashuka, yeye na suti yake ya kanisani na koti la Nekesa nililomletea, mkoba wenye paspoti shingoni, mimi mbele kama mwenye ziwa. Mzee mmoja wa Kiswidi alikuwa amekaa juu ya ndoo akivua samaki kwenye kitundu alichotoboa barafuni, akatuinulia kikombe chake cha kahawa. Nikampita. Nilitaka picha ambayo nyuma yake hakuna mtu, ya kumtumia Nekesa kazini, kwa hiyo nikaenda mbele, nikaenda tena mbele.

Hapo ndipo barafu ikalia. Haikuwa kama kitu kinachovunjika, ilikuwa sauti ndefu, nzito, kama mtu anaburuta kabati la chuma chini ya nyumba, ikaanzia kushoto, ikapita chini ya viatu vyetu, ikaenda zake.

"Mkwe, nini hiyo?"

"Si kitu, Mama," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

Ikalia tena, na safari hii nikaona ufa, mwembamba kama unywele, ukikimbia katikati ya miguu yangu. Nikakumbuka kwamba darasa la Kiswidi walitufundisha barafu ikipasuka ulale ili uzito usambae, na sikukumbuka kitu kingine chochote. "Mama, lala!"

"Nilale wapi?"

"Chini! Kwa tumbo!"

Akalala. Mwanamke wa miaka sitini na nane, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lake, akalala kifudifudi, nami nikalala mbele yake, na mara ubaridi wa majimaji ukanipenya kifuani (ilikuwa theluji tu inayoyeyuka chini ya koti, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye), nikajua maji ndiyo hayo yamepanda. Nikapiga simu ya dharura. Kiswidi changu si kibaya, jamani, lakini hofu ilikila chote, na badala ya kusema tuko juu ya barafu nikasema tuko ndani ya maji, watu wawili. Nikawaelekeza tulipo, kisha simu ikazimika kwa baridi.

Tukangoja. Nilikuwa naogopa kupumua kwa nguvu. Yule mvuvi alikuwa anaita kitu na kupunga mkono, nami nikamjibu kwa kelele asisogee, asije akatuzamisha. Halafu nikahisi mkono umenishika kifundo cha mguu, kwa nguvu, mkono wa mama mkwe wangu.

"Mkwe, usiniache. Sijui kuogelea."

"Hata mimi, Mama."

Akaomba kwa Kibukusu, kwa sauti, kisha akasema polepole, "Wewe ukitoka, mwambie Nekesa nilifika."

Hapo nililia. Hilo haliko kwenye ile video mnayotumiana, iliyopigwa na mtu kutoka ufukoni.

Kilichoko kwenye video ni helikopta, magari mawili ya zimamoto, watoto wa chekechea waliovaa vizibao vya manjano wamepangwa ufukoni wakitazama, na wanaume wanne wamevaa nguo za kuzamia, wanakuja wakiburuta boti ya kuokolea, kwanza mbio, halafu wanapunguza mwendo, halafu wanatembea. Mmoja akasimama juu yangu, wima, na mzigo wake wote wa vifaa. "Maji yako wapi?" akauliza. Akagonga barafu kwa fimbo yake ya chuma, akaniambia unene wake unabeba gari, na kwamba barafu iliyo imara ndiyo huimba hivyo kukiwa na baridi kali. Ndicho alichokuwa akituambia mvuvi.

Lakini Mama alikuwa anatetemeka na presha imepanda, wakampeleka hospitali, nami nyuma yake, na simu imezimika, na namba ya mke wangu siijui kwa kichwa. Walimruhusu saa nane na nusu. Nilipopata chaja nikakuta Nekesa amenipigia mara thelathini na moja, na video alishatumiwa.

Tulimkuta Arlanda, nilikomwambia tukutane, zimebaki dakika chache Mama apite ukaguzi, amesimama na sare ya kazi, hotpoti ya chapati na kuku mikononi. Walikumbatiana dakika kumi na moja, nilizihesabu. Mama akamwambia, "Usimgombeze, hakuniacha," akaingia kwenye ukaguzi, akapotea.

Kwenye treni ya kurudi (gari lilikuwa bado ziwani) hotpoti ilikuwa mapajani mwa Nekesa, haijafunguliwa. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo aliposema, bila kunitazama, "Nilikuwa nimepanga nimsuke nywele."

Sina la kujitetea. Nimeapa kwamba mgeni akipita mji huu kwa saa chache, kabla sijakata kona yoyote nitauliza kwanza saa hizo ni za nani, kwa sababu zile hazikuwa zangu, na sijui nitamrudishia Nekesa kwa kitu gani.