Shati Langu Lilinitangulia Kindu

Wengine mtasema niliota. Sikuota. Nilikuwa macho, juani, kwenye uwanja wa ndege wa Kasongo, simu mkononi.

Mimi natoka Kabambare. Nilipomaliza chuo tuliomba kazi katika shirika moja la Kindu, mimi na rafiki yangu Amisi, mtoto wa Kasongo. Wakaniita mimi peke yangu kwa mahojiano. Amisi hakununa. Alinilaza kwao, akaninyooshea shati kwa pasi ya makaa, kisha akaniuliza ninaogopa nini. Nikamwambia yote: kwamba mbele ya wakubwa ulimi hunikauka, kwamba huenda hawakunichagua mimi, wamekosea jina tu. Nani asingemwambia rafiki?

Asubuhi alinisindikiza uwanjani, akanikabidhi mfuko wangu, akasema anakwenda kutafuta mikate. Hakurudi.

Sasa sikiliza vizuri. Kasongo hadi Kindu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita mia mbili. Ndege ndogo huchukua chini ya saa moja. Pikipiki, mvua ikinyesha, ni siku mbili za matope. Hesabu hizo nilikuwa nimezipiga mpaka kichwa kikauma. Na siku ile ndege yenyewe ilikuwa bado haijatua. Nikampigia shangazi yangu wa Kindu kumwambia nitachelewa.

"Utachelewa wapi tena, baba?" akacheka. "Si umetoka hapa sasa hivi? Hata chai yako iko mezani, umebakisha."

Nikamwambia niko Kasongo. Akasema nisimchezee. Aliyekunywa chai kwake alikuwa na uso wangu, na kovu langu la kidevuni, na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Nikafungua mfuko. Shati halikuwemo.

Ndege ilikuja mwishowe, nikafika ofisini kabla ya saa niliyopangiwa. Karani alishangaa kuniona.

"Umerudi? Tulishamaliza, ndugu. Ulisema mwenyewe kazi huiwezi, ulimi unakukauka, na kwamba pengine tulikosea jina. Ukatuachia la rafiki yako. Watu wakweli kama wewe ni wachache."

Maneno hayo nilimwambia mtu mmoja tu duniani.

Amisi yuko kwenye kazi ile mpaka leo. Mama yake anaapa kwamba siku hiyo alirudi kutoka uwanjani, akalala, wakamwamsha akashindwa kuamka hadi jioni. Nilipomkabili hakukana.

"Ungefika, ungesema yaleyale," akaniambia. "Miye nilikutangulia tu."

Niamini, hilo ndilo linaloniumiza kuliko kazi. Siku hizi kila nikitaka kufungua mdomo mbele ya watu, najiuliza kama sijakwisha kusema mahali fulani, kwa sauti yangu, nisipokuwepo.

Basi wewe unayesafiri, mzigo wako mpe rafiki akubebee ukipenda. Hofu yako panda nayo mwenyewe.