Neno Alilolitamka Ndirangu Njia ya Bura

Ndirangu alikuwa mtu wa kushuku. Tangu aletwe Garissa kuwa bwana shamba, hakuwahi kunywa chai ya mtu bila kumngoja mwenyewe aanze kuinywa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alizoea kusema, na kila asubuhi alizikung'uta nguo zake kweli kweli, ingawa alichotafuta humo kilikuwa nge. Vita vya mashifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Siku hizo mtu wa bara asiyeshuku alihesabiwa ama mjinga, ama mwenye lake jambo.

Na bado ni yeye huyo aliyeamua kufuata mto Tana hadi Bura, peke yake, kwa baiskeli. Malori yalikwenda kwa msafara tu, na hakuna aliyejua msafara utaondoka lini. Kando ya mto mahindi yalikuwa yakiliwa na viwavi, na viwavi hawangoji msafara. Isitoshe, aliwaza, ndani ya lori humjui uliyekaa naye. Akafunga mfuko wa dawa kwenye keria, akachomeka pampu mahali pake, akaenda zake.

Njia yenyewe ilikuwa ya kupendeza. Migomba, kunde, mahindi yanayomfika mtu kifuani, udongo mweusi wenye harufu ya mvua. Wakati mwingine wowote angeimba. Lakini kila aliposhuka, watu walinyamaza na kushika majembe yao vizuri zaidi. "Wadudu walifika hapa lini?" alimuuliza mwanamke mmoja. Mwanamke akaapa kwamba hajamwona hata mmoja, hapa hapajafika shifta, na mume wake hajampa mtu chakula. Nyuma yake majani ya mahindi yalikuwa yametobolewa tundu kwa tundu. Ndirangu akapanda baiskeli akijisemea kwamba watu wa huku ni waongo.

Baada ya kijiji cha Korakora mashamba yaliachana, na njia ikazibwa na ng'ombe waliokuwa wakishuka mtoni kunywa maji. Alishuka, akasimama. Maishani mwake hakuwahi kuona ng'ombe wengi namna ile. Kwao Nyeri aliyekuwa na watano alisalimiwa mara mbili. Mshangao ulimtoa lugha ya mama mdomoni.

"Magana," alisema polepole. "Magana, magana."

Kwa Kikuyu maana yake ni mamia. Kwa bahati, au kwa mpango wa Mungu, Wasomali nao wana neno lao, magan, na mtu akikutamkia hilo amekwambia: nimejitia mikononi mwako, nilinde. Ukishalisikia huna tena ruhusa ya kukataa. Akidhurika, aibu ni ya ukoo wako mzima.

Mwenye ng'ombe, mzee mwembamba aliyeitwa Gelle, alisimama hapo hapo. Alimtazama huyu mtu wa serikali, kaptula yake ya kaki na pampu yake, naye pia akashuku. Akavuta pumzi kama mtu aliyetwikwa mzigo wa jirani. Kisha akashika usukani wa baiskeli.

"Haya," alisema. "Kuja."

"Tunakwenda wapi, mzee?"

"Nyumbani. Njia hii mbaya. Iko watu."

Nimeshikwa, Ndirangu aliwaza, akaifuata baiskeli yake.

Alasiri walikuja watu wawili wenye bunduki. Ndirangu aliwaona kupitia upenyo wa kibanda cha Gelle. Mzee aliweka fimbo yake mlangoni, akakaa mbele yake, na maneno yakaanza kurushwa. Ndirangu hakuelewa kitu ila lile moja lililorudi na kurudi: magan, magan. Wanapatana bei yangu, aliwaza, na wanataja mamia. Mwishowe wale wawili walitema mate chini wakaondoka. Gelle akaingia na kibuyu cha maziwa.

"Kunywa."

"Nimeshiba," alisema Ndirangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajala kitu.

Kulipopambazuka Gelle alimtangulia njiani, akisukuma baiskeli yeye mwenyewe, kibuyu begani. "Bole bole," alikuwa akisema kila palipokuwa na kichaka, naye aliingia kwanza kuchungulia. Ndirangu nyuma yake alitafuta mahali pa kukimbilia, asipaone.

Karibu na Bura wakakuta kizuizi cha askari. Ndirangu hakungoja kuulizwa. Alikimbia mikono juu, akipiga kelele kwamba huyu mzee ni shifta, amemteka tangu jana. Kufumba na kufumbua Gelle alikuwa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, na baiskeli imelala juu ya miguu yake.

Mkalimani wao alikuwa kijana wa huko huko, Dagane. Alichuchumaa akamsikiliza mzee, akimwita adeer, yaani baba mdogo. Aliposimama, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema ulimwomba magan. Ulimwomba akulinde. Jana amefukuza watu ya bunduki sababu ya wewe. Ni kweli uliomba, bwana shamba?"

Koplo aliyesimamia kizuizi naye alingoja. Ndirangu akaelewa yote kwa pamoja: fimbo mlangoni, vichaka, maziwa. Ukweli ulikuwa kwamba hakuomba kitu, alishangaa ng'ombe tu. Na ukweli huo ungemwacha mzee kwenye kamba.

"Niliomba," alisema.

"Basi mbona ulisema amekuteka?"

"Niliogopa."

Koplo alimtukana kwa Kiswahili safi, kisha akaamuru kamba ifunguliwe. Gelle aliinuka, akajifuta vumbi, akafungua kibuyu akanywa maziwa yale mbele ya Ndirangu, mafunda makubwa, hadi yakaisha. Ndirangu aliona haya mpaka macho yakamuuma. Alitaka kuomba msamaha kwa lugha ya mzee, lakini katika lugha hiyo alikuwa na neno moja tu.

"Magan," alisema, safari hii akijua.

Gelle alifunga kibuyu chake.

"Hiyo neno, mtu mwenye hofu anaomba kwa mtu hana hofu," alisema. "Sasa mimi nakuogoba."

Akarudi njia aliyojia, akitembea katikati ya barabara ili askari wamwone vizuri.