Kidole cha Ardis Hemmingsen

Ardis Hemmingsen hakuwahi kupishana na gari bila kulinyanyulia kidole. Si mkono mzima. Kidole cha shahada tu, kutoka juu ya usukani, kiganja kikibaki pale pale. Katika barabara za changarawe za kaunti ile, huko Iowa, kila mtu husalimia hivyo, ila wengi huchagua wa kumsalimu: huwaruka wageni, huwaruka na majirani waliogombana nao juu ya mpaka wa shamba. Ardis hakumruka mtu. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na watoto wa viti vya mbele walikuwa wakihesabu vile vidole mpaka wanachoka.

Maren Tjaden alikuwa mmoja wa watoto hao. Baadaye alikwenda kusoma Des Moines, akaolewa huko, ndoa ikavunjika huko huko, na akiwa na miaka arobaini na miwili akarudi kufanya kazi kwa wakili mmoja mkabala na mahakama ya kaunti. Barabarani hakuwa akimsalimu mtu tena. Ile desturi ilikuwa imemtoka mjini, kama vitu vingine.

Asubuhi moja ya Januari Ardis aliingia ofisini, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, wa kushoto umebeba sahani ya mikate ya mdalasini.

"Bi Ardis! Unabebaje sahani na hali hiyo?"

"Nimeibeba kwa huu mzima, mwanangu. Huo mwingine nimemletea wakili."

Wiki mbili kabla, kijana mmoja muuza mbegu, Brody Lachner, alikuwa ameligonga gari lake uso kwa uso kwenye barabara ya changarawe. Kano za bega zilichanika. Bila upasuaji asingeweza kuvuta mpini wa mlango wa dharura nyuma ya basi, na kila dereva lazima auvute mbele ya mkaguzi kabla ya kurudishiwa kazi. Upasuaji ulitakiwa kulipwa na bima ya Brody. Bima ilikuwa imekataa.

Wakili Duane Kolbert, aliyesoma na Ardis darasa moja, aliisoma barua ya bima huku akitafuna mkate.

"Ardis, uliposhuka garini ulimwambia nini huyo kijana?"

"Nilimwambia samahani."

"Samahani ya nini?"

"Sijui, Duane. Alikuwa analia. Ulitaka nimwambie hongera?"

"Na askari je?"

"Nilimwomba samahani kwa kumtoa nje kwenye baridi."

Duane alifumba macho. "Mbwa aliyekuwa akipita hukumwomba samahani?"

"Hakukuwa na mbwa," Ardis alisema. Maren aliinamia daftari asionekane akicheka.

Lakini barua haikuwa na mzaha. Barabara ya changarawe haina mstari. Kila mtu hupita katikati, akikutana na mwenzake anasogea. Nani hakusogea? Hakukuwa na shahidi. Bima ilisema Ardis aliomba radhi mara mbili, na kwamba katika simu iliyorekodiwa alikiri mkono wake haukuwa sawasawa kwenye usukani. Basi kosa kubwa ni lake, na katika jimbo lile mwenye zaidi ya nusu ya kosa hapati kitu.

"Ulikiri?" Duane aliuliza.

"Walinitaka ukweli. Nilikuwa nimenyanyua kidole."

 Maren aliona uso wa yule mama ukibadilika taratibu, kama mtu anayeambiwa kwamba ukarimu wake ndio uliomponza.

Duane aliiandikia bima kudai rekodi nzima. Ilipokuja, Maren aliketi kuisikiliza, kwa kuwa barua ile ilikuwa imenukuu sentensi moja tu. Alisikia sauti ya msimamizi wa madai ikiuliza juu ya mikono, na Ardis akijibu juu ya kidole. Kisha Ardis aliendelea, na msimamizi akamkatiza, na Ardis, kwa adabu, akaendelea tena: "Hakunijibu, unaona. Kila mtu hujibu. Nikasogea pembeni, nikamtazama usoni nijue kulikoni, nikaona ameinua simu mbele ya usukani."

Maren alirudisha nyuma akasikiliza mara ya pili. Halafu aliinuka akamwita Duane.

Sheria mpya ya jimbo juu ya simu barabarani ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutoza faini. Zamani dereva aliyekamatwa na simu aliweza kusema hakuwa akiandika ujumbe, alikuwa akitazama ramani, na mambo yakaishia hapo. Sasa kuishika tu mkononi ni kosa. Duane alimpelekea askari wa kaunti rekodi ile. Askari alipomrudia Brody na kumuuliza, kijana alijibu bila kuficha, akidhani anajitetea: "Sikuwa naandika chochote, afande. Nilikuwa nimeishika natazama ramani."

Aliandikiwa faini, akakubali kosa. Machi bima ilibadili msimamo, ikakubali kulipa.

Ardis alipasuliwa bega Aprili. Kiangazi kizima alivuta kamba ya mpira iliyofungwa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, na Oktoba akauvuta ule mpini wa basi, mkaguzi akiandika. Brody alimtumia kadi ya kumwomba msamaha. Ardis alimjibu kwa kumwomba samahani kwa kuchelewa kujibu.

Maren hakuwahi kumwambia mtu jinsi kazi ile ilivyomsaidia. Tangu arudi alikuwa amejiona mtu wa kupanga tu karatasi za watu walioharibikiwa mambo. Mara hii alisikiliza hadi mwisho, na mtu akarudi kwenye basi lake. Alishukuru kwa hilo, kimya kimya, na bado anashukuru.

Ardis alifariki majira yale ya baridi, usingizini, moyo ukiwa umechoka. Yeye na Maren walionana mara ya mwisho mwishoni mwa Novemba. Maren alikuwa akirudi kutoka kusaini karatasi za mwisho za talaka, akapishana na lile basi la manjano bila kuliona. Aliposimama kituo cha mafuta, basi tupu lilikuja likasimama kando yake, na Ardis akafungua dirisha.

"Hukunijibu, mwanangu. Nikakutazama mikono yote miwili, simu huna. Nikajua ni mawazo tu. Nenda nyumbani ukale."