Siku Kompyuta ya Twaiba Ilipokuwa Bubu

Twaiba Mwero wa Msambweni alipofuka akiwa kidato cha pili, homa ya uti wa mgongo ilipompata, lakini kompyuta aliijua nje ndani. Kila kilichoandikwa kwenye kioo, programu moja ilimsomea kwa sauti, na kwa sauti hiyo alizitunza tovuti za nyumba za wageni kule Diani. Alitumia mfumo huria, ule ambao yeyote ana ruhusa ya kuufungua, kuona ulivyoundwa na kuutengeneza.

Asubuhi moja, baada ya kuusasisha mfumo huo, kompyuta ikawa bubu. Akaizima, akaiwasha. Kimya. Bila sauti ile, kazi yake yote ilikuwa imefungiwa nje ya mlango.

Akamwita Chiku, mke wa kakaye, mfuaji nguo hotelini, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo.

"Wifi, niazime macho yako."

"Macho nitakuazima," Chiku akajibu akijifuta mikono kwa leso, "lakini kompyuta mimi ninaijua kwa kuipangusa vumbi tu."

Twaiba akamweleza kwamba kila programu, ikitaka kufungua faili au kutoa sauti, sharti ibishe hodi kwenye kiini cha mfumo na kuomba. Kipo chombo cha kufuatilia maombi hayo pamoja na majibu yake. Akachapa amri, Chiku akaanza kusoma.

"Sifuri, eksi, saba, efu, efu... toa mbili... sifuri tena, eksi..." Maombi yalikuwa mamia, yote tarakimu. "Wifi, hii ni lugha ya majini!"

Twaiba akacheka, kisha akaondoa vidole kwenye vibonye. Miaka yote alikikwepa chombo kile kwa sababu kukisikiliza kulimchosha, akidhani upungufu ni wake. Sasa mwenye macho yake mazima naye ameshindwa. Kumbe ila ilikuwa ya chombo.

"Basi tukitengeneze," akasema.

Wakakaa kitako. Twaiba alichapa, Chiku akamsomea alichoandika, akimwonyesha kila alama iliyoruka. Alasiri ilipoadhiniwa wakainuka, wakaswali, wakarudi. Hatimaye chombo kikaweza kuandika kwa maneno ya kawaida: nani ameomba, ameomba nini, na kwa nini amekataliwa. Yaliyokubaliwa kikayaacha kando.

Chiku akasoma polepole: "Programu ya kusoma imeomba kufungua kifaa cha sauti. Imekataliwa. Haina ruhusa."

"Rudia!"

"Haina ruhusa, wifi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Kumbe usasishaji ulikuwa umeinyang'anya programu ile ruhusa yake. Twaiba akairudisha kwa mstari mmoja, akaiwasha upya. Sauti ikatoka, kavu na ya puani kama kawaida yake, nayo masikioni mwake ikawa tamu kuliko kaswida.

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamtoka. Chiku alipiga kigelegele hadi jirani akauliza ni harusi ya nani.

Twaiba akayatuma marekebisho yale ya chombo kwa wanaojitolea kuutunza mfumo. Wakamwomba aubakishe na mtindo wa zamani wa tarakimu kwa wanaoutaka. Akafanya hivyo, wakayapokea. Penye majina ya waliochangia akaliandika na la Chiku.

"Sasa hao wazungu wakiniuliza tarakimu nitawajibu nini?" Chiku akalalama.

"Waambie uko kazini, unafua."

Wakacheka hadi wakashikana mabega.