Deki Nyekundu ya Maduhu na Duara la Chini ya Nyumba

Maduhu anaweka dau jogoo wake, yule mwenye shingo kipara anayefukuza hata mbwa, kwamba hakuna mtu atakayeamini habari hii. Dau hilo ameshaliweka kwenye kijiwe cha bodaboda pale Masumbwe, ameliweka msibani, ameliweka hadi nje ya kanisa, na jogoo bado yuko nyumbani. Watu husikiliza mpaka katikati, wanacheka, wanasema, "Maduhu na uongo wake." Wala hawana kosa. Huyu ndiye aliyeapa mbele ya mashahidi kwamba aliwahi kutengeneza redio kwa kuipulizia tu.

Shule aliachia darasa la tano. Yeye husema mwalimu aliishiwa vya kumfundisha. Ukweli ni kwamba ng'ombe wa baba yake walikosa mtu. Alipofika miaka kumi na tisa akaingia machimboni na kudumu siku tatu nzima. Siku ya tatu, akiwa chini ndani ya duara, shimo refu la kutafutia dhahabu, alisikia matimba yakilia. Matimba ni yale magogo yanayozuia udongo usiwaangukie. Yalianza taratibu, kii, kama mtu anayenyoosha vidole. Halafu kii nyingine. Maduhu alipanda kamba mpaka viganja vikachubuka, akafika juu, hakugeuka nyuma. Kesho yake duara likaporomoka likiwa tupu. Ukimuuliza kwa nini aliacha uchimbaji, atakwambia dhahabu ilimchosha, ilikuwa inamfuata fuata.

Basi akawa fundi. Redio, simu, tivii, deki za kuchezea diski, akatengeneza vyote. Akamwoa Salome, akapata Blessing na mdogo wake Gregory, akajenga nyumba ya vyumba viwili pembeni ya mji: cha nyuma cha kulala, cha mbele ofisi ya ufundi. Na juu ya meza ya ofisi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ilikaa deki nyekundu.

Yenyewe ilikuwa nyeusi. Uliokuwa mwekundu ni mstari kwenye boksi lake na makasha ya diski zake. Jina lake kamili ni HD DVD. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, ikaja na diski nne na transfoma, maana ni deki ya umeme mdogo wa Marekani, ukiichomeka ukutani kavu kavu inakuwa mkaa. Kuwaka kwake ilichukua muda wa kumenya kiazi. Lakini ikishawaka, picha yake ulikuwa unahesabu vinyweleo vya mtu.

Tatizo lilikuwa Dorah. Huyu ni binamu yake Salome, yuko Kahama, ana studio ya kupiga picha za harusi, na yeye alikuwa na deki ya buluu, ile inayoitwa Blu-ray. Kila wakikutana ni vita.

"Shem, lile kaburi lako bado linawaka?"

"Linawaka kuliko lako. Langu halina ubaguzi, linasoma diski ya nchi yoyote. La kwako linaomba pasipoti."

"Diski yangu inabeba gunia la hamsini, yako kiroba cha thelathini."

"Na nani anajaza gunia? Yako maneno yameandikwa juu juu kwenye ngozi, kuku akiikanyaga imekufa. Yangu yako katikati, imetulia."

"Shem, kiwanda chenyewe kimeacha kutengeneza hizo nyekundu, miaka sasa."

"Wamemaliza kazi. Kitu kikikamilika unaongeza nini?"

Salome alikuwa akiwasikiliza kila sikukuu, akasema siku hawa wawili wakikubaliana atajua dunia imefika mwisho.

Mwaka mmoja masika yaliingia na nguvu. Jumatatu mchana Maduhu alikuwa anaunga waya, na mvua imetoka kukata. Ndipo akasikia, chini ya miguu yake au nyuma yake, hakujua, kii.

Bisibisi ikamtoka mkononi.

"Umesikia hiyo?" Salome aliuliza kutoka chumba cha nyuma.

"Panya," Maduhu akasema. "Panya wa siku hizi wananenepa."

Lakini hakutafuta panya. Alichukua mchi wa kinu, akagonga sakafu chumba cha nyuma: ndu. Akagonga cha mbele: ndu. Kote kulijibu kama mtungi mtupu. Kwenye kona akaona ufa mwembamba ambao jana haukuwepo. Akaingiza ukucha, ukaingia wote.

Alikwenda kwa Mama Edson, jirani yake, yule aliyemuuzia kiwanja. Jina lake ni Eufrasia, na marehemu mume wake, mzee Stanslaus, ndiye aliyekuwa anachimba pale zamani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, Baba Blessing. Umekuja kunidanganya nini leo?"

"Duara la mzee lilipita wapi?"

Mama Edson alimtazama usoni, tabasamu likaondoka. "Mdomo wake ulikuwa pale kwenye jiwe lako la kuanikia michembe ya viazi, mzee aliufukia. Lakini chini lilikuwa na njia, lilikwenda mbali. Kwenda wapi, mimi sikuwahi kushuka. Alilionyesha kwa wale wataalamu wa kupima miamba, walimpiga picha za video akitembea juu yake hatua kwa hatua. Wakaniachia hizi."

Akatoa bahasha kwenye sanduku. Ndani kulikuwa na diski mbili zisizo na picha juu yake. Moja iliandikwa kwa kalamu "ya kawaida". Ya pili iliandikwa "safi".

Ile ya kawaida ilikubali mara moja, maana deki nyekundu inasoma na DVD za kawaida. Maduhu alijifungia ofisini akaitazama peke yake. Kiwanja kilikuwa hakina nyumba. Mzee Stanslaus, mdogo kama mchwa, alikuwa anatembea kutoka kwenye jiwe la michembe, anainama, anaonyesha chini, anatembea tena. Upepo uliingia kwenye kamera, hakuna neno lililosikika. Picha ilikuwa ukungu mtupu. Lakini Maduhu aliona mstari wa madoa meupe ardhini ukitoka kwenye jiwe kuelekea kushoto, na mzee yuko karibu nayo. Akasema, hivyo ndivyo vigingi vyao. Akatoka nje, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe. Hatua tisa. Zilimpeleka ukutani kwa chumba cha kulala, upande wa kitanda cha watoto.

Mchana ule ule alibeba magodoro yote akayahamishia ofisini.

"Panya ndio wametuhamisha?" Salome alimuuliza.

"Nataka kupaka rangi."

"Rangi iko wapi?"

"Inakuja."

Jumanne sauti ikarudi, na safari hii ilitoka wazi chini ya ofisi. Alijiambia udongo hubeba sauti, inatoka huku inasikika kule. Watoto walikuwa wanacheza juu ya magodoro, Gregory anaruka, na kila mruko Maduhu alitazama sakafu.

"Acha kuruka!" alifoka. Mtoto akamkodolea macho. Baba yake hakuwahi kumfokea bila kumalizia na kichekesho.

Hapo akaitoa ile diski ya "safi". Deki nyekundu ikawaka pole pole kama kawaida yake, ikanguruma, ikazunguka, ikaandika kwamba haikuona diski. Akaifuta kwa shati, akarudisha. Hakuna diski. Mara ya tatu deki iliimeza ikakataa kuitoa. Alifungua mfuniko kwa bisibisi taratibu, maana alijua: kama hii ni ya buluu, maandishi yake yako juu juu, mkwaruzo mmoja tu, na mzee Stanslaus hawezi kurudi kutembea tena. Akaitoa kwa ncha za vidole. Ilikuwa nzima.

Ilikuwa ya buluu, akajua, na deki nyekundu haisomi ya buluu. Na hapo ndipo alipaswa kupanda gari kwenda Kahama. Hakupanda. Jumanne alisema kesho. Jumatano alisema labda lenzi ya deki yake ina vumbi, akaisafisha mara mbili. Alikuwa anausikia mdomo wa Dorah kabla hajafika. Siku mbili nzima mke na watoto walikula, walicheza na kulala kwenye chumba alichowachagulia, kwa sababu ya kicheko cha mtu mmoja.

Alhamisi asubuhi ufa ulikuwa umevuka mlango. Aliiweka diski katikati ya sahani mbili za plastiki, akazifunga kwa kanga, akapanda basi. Njia nzima aliipakata kama mtoto mgonjwa. Kwa nyuma, upande wa Masumbwe, mbingu ilikuwa nyeusi.

"Eee, shem!" Dorah alisema alipomwona mlangoni. "Umeniletea chakula?"

"Nisomee hii."

"Kaburi limekataa?"

"Dorah, nisomee."

Dorah alitaka kuendelea, lakini aliona alivyozishikilia zile sahani. Akainua diski kwenye mwanga, akaigeuza. "Hii ya kuchoma nyumbani, haiulizi nchi. Hii ni ya kwangu kabisa." Akaitia kwenye deki yake.

Ikawaka. Kwenye ile skrini kubwa anayoonyeshea maharusi, kiwanja cha Maduhu kilitokea kana kwamba ukuta umetobolewa. Aliona majani moja moja. Aliona kiraka kwenye suruali ya mzee Stanslaus. Na yale madoa meupe ya kushoto, aliyoyahesabia hatua tisa, yalikuwa mawe. Mawe meupe ya kawaida ya machimboni, yale wachimbaji wanayoyatupa wakishaona hayana kitu.

"Mbona umekaa chini?" Dorah aliuliza.

Vigingi vilikuwa upande wa kulia. Vijiti vya rangi ya udongo, kila kimoja kimefungwa kitambaa kidogo chekundu, ambavyo kwenye ile diski ya ukungu havikuonekana hata kimoja. Mzee alikuwa anapita kutoka kimoja hadi kingine. Cha nne, cha tano, cha sita. Cha sita kilikuwa katikati kabisa ya pale ilipo meza ya ofisi leo. Pale mzee alisimama, akatandaza mikono yote miwili, kuonyesha kwamba chini hapo alipanua.

Maduhu akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tano Salome akapokea, na nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati mpaka sauti inapotea.

"Salome, toka nje. Toa watoto."

"Nini? Mvua hii?"

"Mko chumba gani?"

"Si ulichotuweka? Tumejifungia wote huku mbele."

"Tokeni sasa hivi. Duara liko hapo."

"Baba Blessing, juzi juzi uliniambia kuna nyoka kwenye ndoo nikamwaga maji yote. Jumatatu ukasema rangi inakuja. Leo duara."

"Si utani."

"Ndivyo unavyosemaga kila siku. Uko kwa Dorah mnanicheka, nawajua. Gregory ana kikohozi, simtoi kwenye mvua."

 Miaka kumi Maduhu alikuwa ameutumia mdomo wake kuchezea, sasa hauna kitu ndani. Angeapa, ameshaapa mara ngapi? Angelia, ameshalia kwa kuigiza hata kwenye harusi yake. Macho yake yakaangukia deki ya Dorah, taa ndogo ya buluu inawaka mbele.

"Salome," akasema. "Nisikilize. Ya buluu ni bora."



"Umesemaje?"

"Ya Dorah ni bora kuliko yangu. Alikuwa anasema kweli miaka yote. Nyekundu haifai kitu."

Alisikia pumzi yake. Halafu akasikia sauti ambayo haikuwa ya kumjibu yeye: "Blessing! Mshike mdogo wako! Acha viatu, acha hivyo viatu, toka!" Simu ikagonga kitu kigumu, ikakatika.

Dorah hakucheka. Alifunga studio, wakasimama wote wawili barabarani kutafuta gari. Safari nzima Maduhu alipiga ile simu, na safari nzima yule mama wa kampuni ya simu alimjibu kwamba haipatikani. Alihesabu nguzo za umeme. Alijaribu kuomba akasahau maneno. Akilini alimwona Gregory akiruka juu ya godoro, akaruka tena, akaruka tena.

Walipofika mvua ilikuwa imekatika. Watu walijaa uani. Maduhu alipita katikati yao bila kusalimia mtu, akamwona Salome amesimama barazani kwa Mama Edson, miguu peku, tope mpaka magotini, Gregory mgongoni, Blessing ameshika sketi yake. Alimgusa kila mmoja kichwani. Akawagusa tena.

Halafu akaenda kutazama. Kuta zilikuwa zimesimama. Ndani ya chumba cha mbele hakukuwa na sakafu. Kulikuwa na shimo lenye ukubwa wa vitanda viwili, jeusi, na kutoka chini ilikuja ile harufu ya udongo wa duara aliyoikimbia akiwa kijana. Meza haikuwepo. Deki haikuwepo. Waya wa transfoma ulikuwa bado umechomekwa ukutani, umening'inia kuelekea gizani. Magodoro yalikuwa yamekwenda yote. Chumba cha nyuma, kitanda cha watoto kilikuwa pale pale, hata kikombe kilichokuwa dirishani hakijaanguka.

Watu walikuwa wanamtazama, wanamsubiri. Walishazoea, Maduhu hakosi neno. Mmoja alianza kutabasamu mapema.

Mama Edson ndiye aliyeuliza. "Baba Blessing, nani aliwahamishia watoto huku mbele?"

"Mimi," Maduhu akasema. "Nilikosea chumba."